Kilio Kilichoanza Bila Mfiwa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka leo kuliko zote, nayo haikuwa siku ya msiba. Ilikuwa siku ya furaha. Nilikuwa sokoni katikati ya mji huu wa Birmingham, mwezi wa Julai, jua limetoka na Waingereza wamevua mashati, na mimi nimesimama mbele ya meza ya Mpakistani mmoja nachagua shali ya sufu. Huku ni joto, lakini kwetu Taita mwezi huo ukungu hushuka milimani hata mbuzi hakohoi vizuri, na mama yangu alikuwa mtu wa baridi. Mwenyeji wangu, Eunice, alisimama kando yangu. Nikashika ya kijivu, nikashika ya samawati.

"Dada, ipi?"

Eunice akaipapasa ile ya samawati, akaikunjua, akaikunja tena.

"Chukua hii," akasema. "Itampendeza."

Wakati anasema hivyo, mama yangu alikuwa mochari. Na Eunice alijua.

Sasa tulia nikueleze, maana ukishindwa kunielewa hapa hutanielewa mbele. Mimi si mtu wa kalamu. Shule yangu iliishia darasa la saba, na hayo mengine nimefundishwa na dunia, ambayo haina likizo. Nitataja majina. Watu wananiambia, "Mama Zawadi, yameshapita, mwachie Mungu." Mungu nimemwachia hukumu. Majina nimebaki nayo. Eunice ni mmoja. Mwadime, ambaye alikuja kuwa mumewe, ni wa pili. Wa tatu ni Elijah, ndugu yangu wa tumbo moja, na huyo ndiye anayeniuma zaidi, maana kikulacho ki nguoni mwako.

Nilikuja huku kijana kama wewe. Siku hizo kulikuwa na kibali cha vijana wa nchi zilizotawaliwa na Uingereza: unakuja, unafanya kazi kidogo, unatembea kidogo, muda ukiisha unarudi kwenu. Kazi niliiona. Kutembea nilikusikia kwa jina. Binamu yangu wa Mombasa ndiye aliyenijazia makaratasi, na kwa kuwa sheria ilitaka uonyeshe kwamba utarudi, nilinunuliwa tikiti ya kwenda na kurudi. Ile ya kurudi ilikuwa ya kubadilika tarehe. Ishike hiyo, mwanangu, ndiyo roho ya maneno yangu.

Asubuhi ninaondoka, mama alikuwa ameketi kizingitini anapukuchua mahindi. Miguu yake ilikuwa imevimba, moyo ulikuwa unamsumbua tangu zamani. Hakulia. Mama yangu alikuwa hapendi machozi ya asubuhi, alisema yanaharibu siku nzima.

"Mkamburi," akaniita, "nikizidiwa utakuja?"

"Nitakuja, mama."

"Usinidanganye."

"Tikiti ninayo hapa. Nikiitwa leo, leo hiyo hiyo napanda ndege."

Akapukuchua gunzi moja mpaka likaisha, kisha akasema, "Basi kitambaa cha kichwa siku yangu utanifunga wewe. Dada zako hao wanakaza mno. Sitaki kwenda kwa Mungu na kichwa kinauma."

Tukacheka wote wawili mpaka dada yangu Samba akatoka ndani kuuliza kuna nini. Hilo ndilo agano langu na mama. Halikuandikwa popote. Ilikuwa kicheko tu kizingitini, lakini mimi nililibeba kama mtu anavyobeba moto kwa kigae, taratibu, usizimike.

Nilifikia kwa Eunice, kule Hodge Hill, katika zile nyumba zilizoshikana mbili mbili kama mapacha. Eunice ni wa kwetu, mlima mmoja na sisi, alinitangulia huku miaka mingi. Alinipokea uwanja wa ndege na koti mkononi, na hilo koti namshukuru mpaka leo, sitaki kumnyima haki yake. Nililala chumba kimoja na watoto wake. Kila kukicha nilipanda basi, kisha treni, mpaka Sutton Coldfield, kwa matajiri, kwenye nyumba ya wazee, nikafua mashuka, nikawaogesha wazee, nikawalisha uji wao usio na ladha.

Mgeni ni kuku mweupe, walisema wahenga. Lakini mimi sikuwa hata kuku mweupe, maana kuku mweupe huonekana. Mimi nilikuwa kama hewa. Ndani ya basi watu walinitazama wakatazama dirisha. Kwenye ushirika wetu wa Wakenya, kila Jumapili baada ya ibada, watu walishikana mikono na kuulizana habari za nyumbani, na mimi nimesimama na kikombe cha chai. Wakinihitaji kuosha vyombo walisema, "Yule wa kwa Eunice yuko wapi?" Jina langu hawakulijua. Miezi ilipita, na mimi bado ni yule wa kwa Eunice.

Kitu kilichonishika nisianguke ni duka la Mzee Lalji, hatua chache kutoka kwa Eunice. Mzee huyu alikuwa Mhindi wa Voi, babake alikuwa na duka karibu na stesheni ya treni, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha watoto wetu. Aliuza unga wa ugali, mihogo, bizari, na zile kadi za simu za kukwaruza. Kila Jumatatu, siku yangu ya kupumzika, nilinunua kadi nikasimama pale kando ya magunia ya mchele nikampigia Elijah, naye akampa mama simu. Mama alikuwa akipiga kelele kama kwamba sauti inakwenda Ulaya kwa miguu. Mzee Lalji akisikia kelele hizo alikuwa akicheka peke yake. "Mama yako ana mapafu ya kondakta," aliniambia.

Basi ikaja ile wiki.

Jumatatu hiyo nilipiga simu, Elijah akasema mama amelala. Nikasema sawa, muache alale. Nikapiga kesho yake, jambo ambalo sikuwa na kawaida ya kulifanya, akasema mama ameenda kwa Samba. Nikauliza, "Na miguu ile ameendaje?" Akasema, "Amebebwa na pikipiki." Nikacheka nikimwaza mama juu ya pikipiki. Nikakata simu ninacheka.

Na nyumbani kwa Eunice mambo yakageuka. Nilirudi kutoka kazini nikakuta nimepakuliwa chakula, kimefunikwa kwa sahani nyingine kisipoe. Nyama yenye mafuta imewekwa juu. Eunice, ambaye alikuwa akiniachia sufuria nikwangue, akaketi mbele yangu akanitazama ninavyokula. "Kula, mdogo wangu," akasema. "Kula, upate nguvu." Siku iliyofuata Mwadime, mchumba wake, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa ushirika wetu, akaja na gari asubuhi kunipeleka Sutton. Mwadime! Mtu ambaye alikuwa akinipita kituo cha basi mvua inanyesha akainua kidole kimoja tu kwenye usukani. Njiani akaniuliza kama nalala vizuri. Kwenye mazoezi ya kwaya wakina mama wakanishika mikono, wakaishikilia zaidi ya kawaida. "Mkamburi, hujambo? Pole na kazi, Mkamburi." Jina langu! Walilijua. Mmoja akanikumbatia akanipigapiga mgongo kama mtoto anayecheulishwa.

Na mimi, mwanangu, unajua niliwaza nini? Niliwaza, Birmingham imenipokea. Nilijiambia, kuvumilia umevumilia, sasa umekuwa mtu wa watu. Nilipanda treni ya kwenda Sutton nikatazama paa za nyumba, nikaona ni nzuri. Jua lilikuwa linachelewa kutua, watoto wanacheza mpira barabarani, nikasema moyoni, huu nao ni mji wangu. Sijawahi kuwa na furaha katika nchi hii kama wiki ile. Ndiyo maana niliomba nisindikizwe sokoni kumnunulia mama shali. Mtu mwenye furaha hununua vitu.

Kumbe ile yote ilikuwa matanga. Nilikuwa ndani ya matanga ya mama yangu, ninapewa pole ninadhani ni karibu.

Mama alifariki ile wikendi iliyotangulia Jumatatu ile. Elijah hakunipigia mimi. Alimpigia Eunice. Kwetu sisi, unajua, habari ya kifo haipigiwi mtu simu. Mtu huketishwa, hulishwa kwanza maana akishajua hatakula, huja wazee, huletewa taratibu kama mtu anayeteremshwa ngazi gizani. Na aliye safarini hufichwa mpaka afike, asije akaangukia njiani peke yake. Mila hiyo siitukani. Waliotuwekea walikuwa wanajua safari ni ya siku moja, na mwisho wa safari kuna nyumba yenye maiti ndani na mfiwa atamkuta. Hawakuwaza mtu aliye ng'ambo, ambaye njia pekee ya kufika ni kuambiwa.

Sasa, Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa harusi ya Eunice na Mwadime. Ukumbi ulikuwa umekodishwa Northfield. Na mpishi wa chapati nilikuwa mimi. Na mwenye vigelegele virefu kuliko wote, wa kumwingiza bibi harusi, nilikuwa mimi. Unaanza kuona? Kuna huruma ya kweli mle ndani, nakubali, lakini huruma hiyo ilikuta unga umeshanunuliwa.

Siku ya harusi nilikanda unga tangu alfajiri. Nilisukuma chapati mpaka mabega yakafa ganzi, nikakoroga pilau, nikaoga haraka kwenye choo cha ukumbi, nikavaa gauni nililoazimwa na Eunice mwenyewe. Bibi harusi alipofika mlangoni nilipiga kigelegele hata Waingereza wa barabarani wakasimama. Nikaingia mbele yake nikicheza, kitambaa kinapepea. Ukumbi mzima ukanitazama mimi badala ya bibi harusi, nami nikadhani nimecheza vizuri. Palikuwa na mama mmoja Mkongo, Mama Bea, tulikuwa tukifanya kazi pamoja Sutton. Akanivuta kando machozi yanamtoka. "Mama, kuraje," akaniambia kwa kile Kifaransa chao cha kumpa mtu moyo. "Kuraje tu, mama." Nikamjibu, "Asante, hata hivyo kazi imekwisha, chapati zimetosha!" Nikarudi kucheza.

Saa hizo hizo, kule mlimani, mama yangu alikuwa anateremshwa kaburini.

Jumatatu nikaenda kwa Mzee Lalji kununua kadi. Nilikuwa nimebeba ile shali ndani ya mfuko nimwonyeshe, kwa vile mzee alikuwa anajua baridi ya kwetu. Kengele ya mlango ilipolia akainua kichwa, akaniona, akashangaa.

"Binti! Uko hapa? Hukusafiri?"

"Nisafiri niende wapi, mzee? Harusi ndiyo imeisha, mikono bado inanuka bizari."

Akaweka chini kile alichokuwa ameshika. "Pole," akasema. "Pole sana kwa mama."

"Aa, asante, miguu tu ndiyo inamsumbua. Leo lazima niongee naye. Tazama nilichomnunulia." Nikaitoa shali nikaitandaza juu ya kaunta.

Mzee akaitazama shali. Akanitazama mimi. Kisha akatoka nyuma ya kaunta, akaenda akafunga mlango wa duka na kugeuza kile kibao cha dirishani, mchana kweupe. Akavuta kreti ya soda.

"Keti, mwanangu."

"Mzee, kuna nini?"

"Keti kwanza." Nikaketi. Naye, mzee wa umri ule, akachutama mbele yangu, magoti yakalia. "Mwadime alikuja kununua mchele wa harusi. Akaniambia, yule msichana wa kwa Eunice amefiwa na mamake, maziko Jumamosi. Mimi nikasema basi binti amekwenda kwao kuzika. Sikujua. Haki ya Mungu, sikujua kwamba hawajakwambia."

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Ndivyo tulivyofundishwa. Changu mimi kilianza na watu wa mbali, kikazunguka ushirika wote, kikafika kwaya, kikafika nyumba ya wazee, kikafika mpaka duka la Mhindi, na mfiwa ndiye akawa wa mwisho kuingia. Sikupiga kelele. Nilikunja ile shali. Nakumbuka niliikunja vizuri, pembe juu ya pembe, nikaanza tena kwa kuwa upande mmoja ulizidi.

Mzee akanipa simu yake mwenyewe, si kadi. Elijah akapokea.

"Kaka," nikasema, "nani alimfunga mama kitambaa?"

Nikasikia kuku nyuma yake, nikasikia nyumbani. "Mkamburi," akasema, "tulikuwa tunakuwazia wewe. Ungekuja ungeipoteza kazi, na unajua hapa sote tunakutegemea."

"Sijauliza hilo. Kitambaa, nani alimfunga?"

"Hayo ni mambo ya wanawake, sikuangalia."

Samba akamnyang'anya simu. Alikuwa analia. "Tulimkuta ameshafungwa," akasema. "Walimfunga kule mochari."

"Kilikazwa?"

Mpaka leo hajanijibu.

Mzee Lalji akanisindikiza mpaka kwa Eunice. Tulimkuta jikoni anapasha pilau lililobaki, Mwadime ameketi mezani na fulana mpya ya harusi.

"Eunice, mama yangu yuko wapi?"

Mwiko ukasimama. "Nani amekwambia?"

Umesikia, mwanangu? Hakusema pole. Aliuliza nani amekwambia.

Mwadime akasafisha koo kama aliye mbele ya mkutano. "Mkamburi, keti tuzungumze. Jambo hili tulikuwa tumelipangia utaratibu. Kuna kamati..."

"Kamati ya nini?"

"Kamati ya kukuarifu. Mchungaji, mimi, na wakina mama wawili. Tulikutana Jumapili ile, tukakutana tena Jumatano. Tulikuwa tuje leo jioni. Chai ingeandaliwa."

Nilicheka, mwanangu. Mungu anisamehe, nilicheka. Sisi Wakenya hatuwezi kununua hata sufuria ya kanisa bila kamati. Mama yangu alikuwa amefunguliwa kikao, akaahirishwa, akawekwa baada ya keki.

"Ungeenda ungefanya nini?" Eunice akasema, naye sasa sauti inapanda. "Maiti hafufuki! Ungeanguka ndani ya ndege nani angekushika? Tulikuhurumia!"

"Mlinihurumia mkanikandisha unga?"

Akainama. Mwadime ndiye aliyeendelea, "Mkamburi, usituvunjie heshima mbele ya mgeni. Mzee, samahani, haya ni mambo yetu ya kinyumbani."

Mzee Lalji alikuwa bado mlangoni, kofia mkononi. Hakupandisha sauti. "Mambo yenu ya kinyumbani nayajua," akasema. "Voi, jirani akifiwa, baba yangu alifunga duka, akaenda akaketi mkekani pamoja na watu. Sisi Wahindi, dini mbali, chakula mbali, lakini tulikwenda. Leo mimi nimejua, mwenye mama hajui. Huo ni utu wa wapi? Mtu hafichwi mauti ya mamake. Mmemwibia." Kisha akaniambia mimi, "Binti, chukua vitu vyako. Mke wangu amekuandalia pa kulala."

Nililia nyumbani kwa Mzee Lalji. Mkewe, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, aliketi nami sakafuni, akanisugua miguu kwa mafuta. Hayo ndiyo matanga yangu. Wiki iliyofuata wakina mama wa ushirika walikuja na chai kwenye chupa. Sikuwafungulia. Labda nilikosea, sijui. Kulikuwa na wema ndani ya chupa ile. Lakini wema uliochelewa ni kama kumvika maiti viatu.

Ile tikiti ya kurudi ilikuwa bado ndani ya sanduku langu, safi, haijatumika. Nilipokuja kuitumia, muda wa kibali umekwisha, nilikuta majani yameota juu ya mama. Baadaye nilirudi huku kwa ndoa, nikazaa, nikakaa. Eunice namwona kwenye harusi na maziko. Tunasalimiana. Ananiuliza habari za watoto, ninamjibu wazima. Siku moja alinishika mkono akasema, "Ile shali, nilisema vile kwa kuwa sikujua niseme nini." Nilimwamini. Kumsamehe bado. Mwadime angali mwenyekiti.

Na mimi nisingekuwa nakuandikia haya, ningekwenda nayo kaburini, kama si jambo la majuzi.

Kuna msichana hapa Northfield, anaitwa Mercy, alikuja kusoma na kufanya kazi za kulea wazee. Alilelewa na nyanya yake kule Kitui. Kila akija kwangu ni nyanya hivi, nyanya vile. Asubuhi moja simu yangu ikalia, ni lile kundi letu la simu la wakina mama, na ndani yake ujumbe kutoka kwa mjomba wake Mercy: nyanya amelala usingizi wa milele, tafadhali Mercy asiambiwe mpaka amalize mitihani. Chini yake watu wameshaweka mikono ya kuomba, mioyo iliyovunjika. Mmoja ameandika, "Tuunde kamati ndogo." Mwanangu, nilihisi harufu ya unga wa chapati.

Nilivaa viatu.

Mercy alinifungulia na taulo kichwani. "Anti! Umekuja bila kupiga simu, kuna shida?"

"Iko. Vaa kwanza."

"Anti, unaniogopesha, bana. Ni nini?"

Nikamketisha kitandani, nikamshika mikono yote miwili. "Nyanya amefariki, mwanangu. Jana jioni. Hawajamzika. Ndege ipo." Hayo tu. Sikuzunguka. Alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, nami nikaugonga pia, ukuta na ugongwe, mtu amefiwa na aliyemlea. Alipochoka akaniuliza, "Nani mwingine anajua?" Nikamwambia, "Wengi. Lakini sasa na wewe unajua, na kilio ni chako, kianze hapa."

Mjomba wake alinipigia simu akanikaripia. "Umemharibia mtihani!"

"Mtihani hurudiwa," nikamwambia, nikakata.

Basi nisikilize, nawe uliyefika juzi na sanduku lako halijafunguliwa. Kabla ya kutafuta chumba, kabla ya kujua basi lipi linakwenda wapi, wapigie watu wa nyumbani uwaambie kwa kinywa chako: likitokea jambo, niambieni mimi, kwanza, siku hiyo hiyo, hata kama niko kazini, hata kama ni sikukuu. Waapishe. Na mzazi wako usimsikie kwa mdomo wa mtu. Ukiambiwa amelala, sema muamsheni. Ukiambiwa ameenda kwa dada, mpigie dada. Mimi nilitaka sana kuwa na furaha, nikaacha kuuliza.

Mji mpya utakupokea, ndiyo, lakini polepole, kama mguu unavyozoea kiatu. Ukiona umekuwa mtamu kwako kwa siku moja, watu wote wanakujua jina, uliza nani amekufa. Najua ni neno chungu. Nimelilipia.

Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayejua, mwenzako hajui, usisubiri kikao. Msiba ni mali ya mfiwa. Ukikaa nao mfukoni usiku mmoja, umelala na kitu cha mtu. Mpelekee. Kaa naye. Mshike asianguke, lakini mpelekee.

Mercy nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Alikuwa na jaketi jepesi la watoto wa siku hizi, na kule kwao kwenye matanga watalala nje. Nilikuwa nimeitoa ile shali ya samawati kabatini, haijawahi kuvaliwa na mtu. Nikamfunika mabega.

"Anti, hii ni mpya kabisa," akasema.

"Ni mpya," nikasema. "Ukifika, omba uwe peke yako na nyanya kidogo. Kitambaa mfunge wewe mwenyewe. Usikaze."

Nenda salama nawe, mwanangu, popote riziki ikupelekapo. Mungu akuonyeshe mlango wa mtu mwenye utu katika mji wa ugeni. Akuwekee wazazi wako mpaka uwafikie, na siku yao ikifika, uitwe wewe kwa jina lako kabla ya jirani kuitwa. Mikono yako ikute kazi yake haijafanywa na wengine. Amina.